Utepe Umekwisha

Wifi yangu Mwanamkuu, ambaye ameandika hadithi za kutisha kwa miaka kumi na tano, anaogopa chura. Si nyoka wala fisi, chura. Masika, akiingia uani hata yule mdogo kama kidole, mwandishi wetu hupanda juu ya kinu na kupiga kelele niende nikamfukuze. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa mtaani kwetu Isevya wapo watu wanaomsimulia kama mtu mwenye majini yake mwenyewe, anayoyalisha uvumba na damu ya kuku. Hana jini hata mmoja. Ana penseli, na karatasi anazomwibia mumewe.

Mumewe ni kaka yangu Nassibu, fundi cherehani. Mimi ni Batuli, muuza maandazi, dada mtu, na kumsema wifi ni haki yangu ambayo hakuna wa kuninyang'anya. Yeye naye hunisema. Amelitumia jina langu mara mbili kwa wanawake wanaoliwa na fisi-mtu, na mara ya pili fisi alilalamika kwamba nyama ni ngumu.

Alizaliwa Tura, kituo cha reli huko mashariki, ambako baba yake, Mzaramo wa Kisarawe, alikuwa kibarua wa gengi la kutengeneza njia. Tura ya siku zile ilikuwa na kituo, tangi la maji, miombo, halafu miombo tena. Treni ndiyo ilikuwa habari yote. Abiria walinunua mayai na kuku wa kuchoma, wakatupa magazeti dirishani, na Mwanamkuu, aliyefundishwa kusoma na baba yake, aliyaokota akayapangusa mafuta. Mlikuwa na hadithi ndani yake, lakini hakuna abiria aliyewahi kutupa gazeti zima. Mwisho wa hadithi ulikuwa umefungia paja la kuku na umekwenda nalo Kigoma. Basi akawa anatunga mwisho mwenyewe, na katika mwisho wake watu wote waliliwa. Hata kama hadithi ilikuwa ya bwana harusi na bibi harusi, waliliwa, na shehe aliyewaozesha akaliwa.

Aliolewa na kaka mwaka wa Uhuru. Mji mzima ulikuwa unashangilia bendera mpya, watu wazima wanalia, na bibi harusi wetu akaninong'oneza kuniuliza kama uwanja ule tuliposimama haukuwa makaburi zamani. Nikajua kaka yangu amepatikana.

Nassibu alikuwa na karatasi za kaki za kuchorea nguo kabla ya kukata kitambaa, na humo ndimo mkewe alimoandika. Hadithi zake zikawa na maumbo ya ajabu. Ukurasa mmoja mkono wa shati, ukurasa wa pili kiuno cha suruali, mauaji yote yamebanwa kwenye mfuko wa nyuma. Siku moja kaka, bila kuangalia, alichukua sura ya tatu akaikata ikawa kipimo cha kola. Mwanamkuu hakusema naye siku nne. Ilibidi aandike upya, na jinsi alivyokuwa na hasira, maiti watatu waliokuwemo wakawa tisa.

Mwaka wa sitini na tatu akaingia kibandani kwa kaka Anselm Jilala, amekuja kupunguza suruali. Huyu alikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja mjini, Mnyamwezi wa upande wa Sikonge, mrefu, mkavu, nywele zimegawanywa kwa mstari ulionyooka kuliko reli. Wakati kaka anampima, alichukua kipande cha karatasi ya kaki mezani akaanza kusoma. Alisoma mpaka kaka alipomaliza kupima, akaendelea kusoma.

"Nani kaandika uchafu huu?" akauliza.

"Mimi," wifi akajibu kutoka nyuma ya pazia. "Umekutisha?"

"Kilichonitisha ni mwandiko. Na nukta zimekwenda wapi? Mtu anakimbizwa na mzimu kuanzia kwapani mpaka kwenye kiwiko hapumziki hata mara moja."

Mwanamkuu akatoka, mikono kiunoni. "Mnyamwezi wewe?"

"Mnyamwezi. Na wewe?"

"Baba yangu Mzaramo."

"Ahaa! Mtani!" Jilala akacheka kwa mara ya kwanza. "Ndiyo maana hujui kazi. Babu zetu walibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani, babu zenu wamekaa kivulini njiani wanadai hongo."

"Na nyie mkabeba! Punda mzima ana akili, ukimzidishia mzigo anagoma."

Nikajua hapo hakuna tena mteja na mke wa fundi. Asiyejua utani aelewe hivi: Mzaramo na Mnyamwezi wana ruhusa ya kutukanana tangu enzi za misafara, na asiyetukana ndiye mkosaji. Tangu siku ile walitukanana kila Ijumaa kwa miaka kumi na mitatu, na sijapata kuona urafiki mwingine uliodumu hivyo.

Jilala alijitolea kumpigia chapa hadithi zake. Alifanya hivyo saa ya chakula cha mchana, kwenye karatasi za ofisi zilizoharibika upande mmoja, kwa hiyo mizimu ya wifi ilikuwa na ripoti za mauzo ya tumbaku mgongoni. Alirekebisha nukta, akarekebisha aya, hakugusa maneno. Ijumaa analeta kazi imenyooka, na chini ya ukurasa wa mwisho ameandika kwa penseli neno moja: Bado.

Maana yake, bado hajaogopa. Mwanamkuu alimwandikia mumiani, bado. Alimwandikia mtoto aliyezaliwa anaongea, bado. Alimwandikia bibi aliyerudi baada ya arobaini kudai sufuria yake, hadithi ambayo mimi mwenyewe ilinifanya nirudishe sufuria mbili za watu, na Jilala akaandika bado, akaongeza kwamba sufuria ya bati haitoi mlio ule.

"Wewe una moyo au una gunia la pumba?" wifi alimuuliza.

"Mtani, mimi vita ya Wajapani, kule Bama, nimelala siku mbili shimoni na maiti watatu. Kilichonisumbua ni mbu."

Hapo wifi akaapa. Nilikuwepo, nakanda unga. Alisema magazeti atayaandikia, lakini kitabu, kitabu kamili chenye jina lake, hatakipeleka kwa mchapishaji yeyote mpaka siku Jilala atakapoogopa. Siku hiyo ndipo atajua yeye ni mwandishi. Kabla ya hapo ni mke wa fundi anayechafua karatasi. Nilimwambia ni ujinga kumpa mtu mmoja mizani ya maisha yako, tena Mnyamwezi. Akaniambia nikande unga.

Magazeti yalimchapa, si haba. Gazeti moja la Dar es Salaam lilianza kwa kumrudishia kazi na barua: hadithi inatisha sana, Ndugu, lakini haionyeshi inamjenga vipi mwananchi, na huyu jini wako hafanyi kazi yoyote. Tulikuwa tumeingia kwenye siasa ya Ujamaa na kila mtu ilibidi aonekane na jembe. Mwanamkuu akafikiri wiki nzima. Akamchukua mumiani wake, mfyonza damu za watu, akampa duka na tumbo na mkufu wa saa, hakubadilisha kitu kingine. Gazeti likamchapa ukurasa wa mbele wa hadithi, likamsifu kwa kupiga vita unyonyaji. Kwa kuwa zama zile kila mtu ni Ndugu, mhariri hakuwa na habari kwamba anasema na mwanamke, na alimalizia kwa kumtakia heri yeye na mkewe. Nassibu alikuwa mke kwa miezi mingi pale Isevya. Wateja walimuuliza bwana hajambo.

Jilala alisoma hadithi ya mwenye duka. Bado.

Ndipo wifi alipoanza mambo ya kuingia makaburini. Mtani kwenye msiba ana haki zake: atamwigiza marehemu, atakalia jeneza, ataingia kaburini kabla ya maiti na kulala humo mpaka wafiwa wamtoe kwa kitu. Ni kazi ya kuwafanya wenye uchungu wacheke kidogo. Watu wengi huifanya haraka na kutoka. Wifi yangu aliifanya kama ofisi. Alipofariki mzee mmoja mfuga nyuki, Mnyamwezi, Mwanamkuu alivaa kanga ya zamani, akaingia kaburini, akalala chali na kufumba macho. Wafiwa wakamletea kikombe cha asali, akakataa. Wakaleta chupa, akasema bado anasikiliza. Akatoka jioni ile na chupa mbili, na kabla hatujafika barabarani alikuwa ameshachukua penseli.

"Unajua nini, wifi? Mle ndani huwasikii wanaolia," akaniambia. "Wanaolia wako juu mno. Unasikia nyayo. Kila mtu anayepita unamsikia mgongoni."

"Na vyura je? Hukukuta?"

Akasimama njiani. Hilo hakuwa amelifikiria.

Akaenda kwenye misiba saba au minane kwa namna hiyo, yote ya watani halali, sitaki mtu aseme alijipenyeza. Jilala alikuwa anamcheka. "Mimi nikifa usipoingia kaburini mwangu," alimwambia, "nitakufuata mpaka kwenye hicho kibanda."

"Nitaingia, na sitoki bila debe zima la asali."

"Debe! Njaa ya Wazaramo hii!"

Ikaja sabini na nne, mwaka wa operesheni ya vijiji. Sitaki kuongea siasa. Waliopata shule na kisima walishukuru na wana haki ya kushukuru. Nasema tulichokiona. Ndugu zake Jilala walikuwa wanakaa mahali palipoitwa Kwa Mahona, jina la baba yake, aliyefyeka pori lile na kuzikwa papo hapo. Asubuhi moja malori yakaja. Kufika alasiri watu, mbuzi, milango na mizinga ya nyuki vilikuwa vimeshushwa kando ya barabara, kwenye kijiji kipya kilichopewa jina la Maendeleo, kikiwa na kibao na hakina choo. Jilala alitusimulia Ijumaa ile kibandani, akiwa amekaa kwenye kiti cha wateja. Alisimulia bila kutukana mtu. Mwishoni akasema, "Mzee tumemwacha," akaangalia saa, akarudi kazini.

Mwanamkuu hakulala vizuri wiki ile, maana kaka alilalamika. Kisha akaandika kitabu. Hakikuwa na mumiani wala fisi-mtu, na hakuna aliyeliwa. Nilikisoma chote kwenye karatasi za kaki, nikiwa nauza maandazi, nikawarudishia watu chenji ovyo. Kiliitwa Walioachwa. Kinasimulia kijiji kinachohamishwa asubuhi moja, na wafu wake wanaobaki chini, wanangoja nyayo. Nyayo hazipiti. Wanangoja masika, nyasi zinafunika makaburi, wanangoja kiangazi. Hawana hasira. Wanadhani watu wao wamepatwa na jambo. Katika sura ya mwisho wanatoka mmoja mmoja, kila mtu anajitwisha kichwani mawe ya kaburi lake, wanajipanga kwenye njia ya zamani ya misafara kama wapagazi na kutembea bila wimbo mpaka kijiji kipya. Wanafika mchana kweupe. Kila mmoja anakwenda kwenye mlango wa mwanawe, anatua mzigo wake taratibu, na kusema: "Tumefika. Tulale wapi?"

Kinaishia hapo. Nilikwenda nyumbani kwa jirani nikakaa nao mpaka mume wangu aliporudi.

Jilala alipiga chapa sura kumi na moja, moja kila Ijumaa, safi kama kawaida yake. Sura ya kumi na mbili, ile ya mwisho, Mwanamkuu alimkabidhi mwenyewe mkononi. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya mkono wa koti. Ijumaa iliyofuata Jilala akairudisha kama ilivyo.

"Utepe umekwisha," akasema.

"Utepe gani?"

"Wa mashine. Haujaletwa mwingine kutoka Dar."

Ilikuwa inaaminika. Mwaka ule hata sabuni na dawa za meno vilikuwa havijaletwa kutoka Dar. Wifi akangoja. Mwezi ukapita, ikawa miwili, ikawa mwaka. Kila Ijumaa anauliza, kila Ijumaa utepe umekwisha, na neno lile la penseli, zuri au baya, halikuandikwa popote. Akamuuliza kwa mdomo: "Umeisoma lakini?" Jilala akasema amepitisha macho, akabadilisha habari, akauliza Wazaramo siku hizi wanakula nini. Halafu akaanza kukosekana Jumamosi. Alikuwa anaonekana asubuhi juu ya baiskeli, jembe limefungwa nyuma, anashika njia ya Sikonge. Mwanamkuu alimtukana hadharani kwamba karani mzima anajifanya mkulima wa kujitolea ili apandishwe cheo. Jilala hakumjibu tusi, na hilo lilikuwa kosa kubwa la kitani.

Wifi yangu alinyauka. Ninamtania sana, lakini lile niliona na liliniuma. Aliacha kuandika. Alishona vifungo. Alikuwa ameshaamua kwamba kitabu kimemchosha Jilala, ni kibaya kiasi kwamba hata lile neno bado hakilistahili, na mwenzake anamwonea haya kumwambia. Nilimshauri apeleke kwa mpiga chapa mwingine, wako wengi mjini. Akanitazama kama niliyemwambia aolewe na mwanamume mwingine.

Mwaka wa sabini na sita, mwezi wa nane, Jilala akafa. Presha ilimchukua mezani, ofisini, kabla ya saa nne asubuhi. Kesho yake mkewe, Veneranda, alituletea bahasha. Marehemu aliacha barua ya maziko yake, ameipiga chapa mwenyewe, ina tarehe ya wiki ile, kumbukumbu namba na aya zenye tarakimu, na chini imeandikwa nakala kwa: mke, katekista, balozi wa nyumba kumi, mtani. Aya ya kwanza ilisema azikwe Kwa Mahona, kando ya baba yake, na si Maendeleo. Ya pili ilisema jeneza lisiwe la gharama. Ya tatu ilisema mtani atakuja, aachwe aingie kaburini, na haki yake ataitoa mke wa marehemu.

Mwanamkuu hakuangalia aya. Aliinua ile karatasi kwenye mwanga.

"Nyeusi," akasema.

"Nini?"

"Batuli, tazama herufi. Nyeusi tii! Ameandika juzi, nakala nne, utepe mpya! Utepe alikuwa nao!" Akaikunja barua akaipiga chini. "Miaka miwili ananidanganya. Si angesema tu ni kibaya?"

Alilia kwa hasira, si kwa msiba. Alisema haendi. Nikamwambia mtani haulizwi kama anataka. Atakwenda, na kama ana ugomvi na marehemu ataumalizia kaburini, si ndiko anakopenda. Akaenda.

Lori lilitufikisha Maendeleo, na kutoka pale ilikuwa kutembea, kwa sababu njia ya Kwa Mahona ilikuwa imerudi kuwa pori. Watu walinung'unika njia nzima. Balozi alisema kijiji kina makaburi mapya, mazuri, yamepimwa, na hayajapata mtu. Vijana waliobeba jeneza walipokezana kila baada ya vichuguu vitatu. Hakuna aliyeelewa karani wa mjini anataka nini kwenye mahame yale, kuta zimeanguka, maboga yamejiotea sebuleni kwa watu.

Tulipofika nikaona jambo. Mahame yote yalikuwa nyasi za kufika kiunoni, isipokuwa sehemu moja. Kaburi la mzee Mahona lilikuwa jeupe, limefyekwa, limefagiwa, mawe yamepangwa upya. Na kutoka pale hadi njiani kulikuwa na ukanda mwembamba wa ardhi uliokanyagwa na miguu ya mtu mmoja.

Shimo lilikuwa tayari. Mwanamkuu akavua viatu akashuka, bila mbwembwe, akalala chali, akakunja mikono kifuani. Watu wakangoja utani. Hakuna. Katekista Damas akakohoa, akaangalia jua, akakohoa tena.

"Toka basi, mama," akasema. "Umeshalala."

"Sitoki," sauti ikatoka chini, kavu kabisa. "Tuliahidiana debe la asali. Na yeye mwongo, kwa hiyo nataka mawili."

Wachache wakacheka kidogo, kwa adabu. Ndipo Veneranda akasogea ukingoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, amefunga kanga yake ya msiba hadi kifuani, na aliongea kwa sauti ya kawaida mpaka ikabidi wote tunyamaze.

"Asali sina, mtani," akasema. "Mwenzangu aliniachia maneno. Aliniambia nisikwambie akiwa hai, kwa sababu utamcheka mji mzima."

"Maneno gani?"

"Tangu ulipompa ile sura ya mwisho, Jilala hajaenda chooni peke yake."

Veneranda akainama zaidi juu ya shimo.

"Miaka miwili, mtani. Namsindikiza. Mwanaume wa miaka hamsini na sita, kaenda vita Bama. Ananiambia simama hapo, ongea, nisikie unaongea. Ofisini aliiweka karatasi yako kwenye mashine mara tatu. Anafika pale wanapotua mawe, anaitoa. Aliniambia, mke wangu, nikiyapiga chapa yale maneno watakuja kweli." Veneranda akajifuta pua kwa upindo wa kanga. "Kwenye mlango wetu alihamisha kiti. Hataki kukaa akiupa mgongo. Na Jumamosi moja nilimfuata hapa, nikidhani ana mwanamke. Nikamkuta anafagia. Anafagia na anaongea na baba yake. Anasema, usije, mzee. Usijisumbue na mawe. Kaa hapo hapo, mimi ndiye nitakuja."

Sikumwona wifi, nilikuwa nyuma ya balozi. Nilimsikia. Kwanza ilitoka sauti ndogo, kama mtu aliyekabwa na ugali. Kisha akaangua kicheko ambacho kiliwarusha kwale vichakani. Alicheka mpaka udongo ukaanza kumwangukia.

"Mwoga!" akapiga kelele kutoka chini. "Jilala mwoga! Mnyamwezi mwoga kuliko wote! Anasindikizwa chooni! Mnasikia nyie? Niliwaambia hawa watu ni wa kubeba mizigo tu, roho hawana! Mwoga wewe! Mwoga! Mwoga!"

Na msiba mzima ukacheka. Balozi alicheka, vijana wa jeneza walicheka, Veneranda alicheka huku machozi yanamtiririka. Katekista Damas aligeuka upande wa miti, mabega yanatikisika. Nikasogea ukingoni kumpa wifi mkono atoke. Alikuwa bado amelala chali, hacheki tena, na machozi yalikuwa yanateremka pande zote mbili yanamwingia masikioni. Alikuwa anapigapiga udongo wa ubavuni mwake kwa kiganja, polepole, kama anavyofanya mtu anayeandaa mahali pa mgeni kulala. Nilimwacha. Alikuwa kazini kwake.

Wiki ile ile alitimiza kiapo. Alifunga kitabu chake, sura kumi na moja zilizopigwa chapa na ya kumi na mbili kwenye karatasi ya kaki yenye umbo la mkono wa koti, akanituma posta. Miezi mitano baadaye jibu likaja kutoka kwa mchapishaji wa Dar es Salaam. Nililisoma mara mbili niamini. Ndugu Mwandishi, tumependa sana, tuko tayari kukichapa, tunachoomba ni sura ya mwisho tu iletwe ikiwa imepigwa chapa kama zile nyingine. Karani mpya wa ofisi ile ile ya Jilala, kijana mwenye heshima zake, alisikia habari akaja mwenyewe kibandani kusema ataipiga bure, nusu saa tu, ana mashine nzuri.

Mwanamkuu alimshukuru, akamkaribisha chai. Alipoondoka akachukua karatasi, akaandika jibu la Dar, akalitia kwenye bahasha na kunikabidhi. Mimi bahasha za watu huwa nafungua, sijifichi. Nikaifungua njiani. Kulikuwa na salamu, kulikuwa na sahihi, na katikati kulikuwa na maneno mawili.

Nilirudi mbio nimtukane. Nilimtukana sana, mbele ya wateja, nikamwambia hana akili, kwamba kitabu kinatakiwa na mjinga ni yeye, kwamba utepe uko mji mzima na kila mtu anajua. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaniuliza kama posta haijafungwa.

Nikaenda nikaitia.